Haifai au Haitufai? Kuielewa Barua ya Kukataliwa kutoka kwa Majarida ya Hadithi

Ikisiri

Makala hii inachunguza barua ambazo wahariri wa majarida ya hadithi huwaandikia waandishi ambao miswada yao haikukubaliwa. Tunadai kwamba barua hizi ni utanzu wenye kaida zake, na kwamba msomaji aliyelelewa katika adabu ya Kiswahili huelekea kuzisoma kinyume: huyatilia maanani maneno ambayo ni ada tu, na kuyapuuza yale yenye uzito. Tunaeleza jinsi barua hizi zinavyotokea, aina zake, na namna ya kuzifasiri. Mwishoni tunatoa mapendekezo kwa mwandishi chipukizi na kwa wahariri wa majarida yetu ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huisoma hadithi iliyokwisha kufaulu. Hadithi fupi anazokutana nazo katika diwani teule, ziwe ni zile za Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007), za Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016) au za Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine (2022), zimekwisha kupita mikononi mwa wahariri, zikachujwa na kupigwa msasa. Zile zilizoachwa njiani hazioni. Kwa sababu hiyo, anapoanza kutunga na kutuma hadithi zake mwenyewe, barua ya kwanza ya kukataliwa humfikia kama msiba usio na matanga: hajui aombolezeje, wala hajui kama kweli kuna aliyefariki.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kufikwa na hali hiyo. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, nilitunga hadithi ya Kiswahili kuhusu makanga wa matatu anayerudi kijijini kumzika babake. Niliitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza na kuituma kwa jarida moja la ng'ambo. Baada ya miezi minne nilipata jibu la mistari mitatu. Walishukuru, wakasema hadithi haikuwafaa, kisha wakaongeza kwamba wangependa kusoma hadithi yangu nyingine. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma kama ninavyoisikia kauli ya mwenye duka anaponirudishia chenji: karibu tena. Niliikunja barua, nikaitia ndani ya kamusi, na sikuwatumia kitu kingine.

Miaka mitatu baadaye, mwenzangu katika darasa la uzamili aliazima kamusi ile, barua ikaanguka. Aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Sasa ya pili uliituma lini?" Nilipomjibu kwamba sikuituma, alinitazama kwa muda bila kusema neno. Tulipolitafuta jarida lenyewe tukagundua kwamba lilikuwa limeacha kuchapishwa. Mlango uliokuwa wazi kwa miaka miwili nilikuwa nimeusoma kama ukuta.

Kosa hilo halikutokana na kutojua Kiingereza. Kila neno la barua ile nililielewa. Nisichokielewa ni uzito wa kila neno katika aina hiyo ya barua. Makala hii inakusudia kuueleza uzito huo.

2.0 Barua ya Kukataliwa kama Utanzu

Wanapragmatiki wametufundisha kwamba kukataa ni tendo linalotishia uso wa mtu. Katika nadharia yao ya upole, Brown na Levinson (1978, 1987) wanaeleza jinsi wazungumzaji wanavyotumia mikakati mbalimbali ili kupunguza makali ya matendo ya aina hiyo. Barua ya mhariri ni mfano bora wa mikakati hiyo: shukrani hutangulia, kukataa hufuata kwa sauti ya chini, na dua ya heri hufunga.

Utamaduni wetu haukosi utanzu unaofanana na huu. Tuchukue barua ya posa. Upande wa mume hupeleka barua kwa adabu na taratibu zake, nao upande wa mke hujibu. Wanapokataa, ni nadra sana kusema kwamba kijana wenu ni mlevi au kwamba ukoo wenu hatuutaki. Husema kwamba binti bado yumo masomoni, au kwamba wajomba bado hawajakutana. Wazee waliotumwa hurudi nyumbani wakiwa wamekwisha kuelewa. Hawakai barazani kujadili ni chuo gani anachosomea binti, wala hawamshauri kijana asubiri mahafali. Wanaujua utanzu, kwa hivyo wanajua ni neno gani la kubeba na ni neno gani la kuacha.

Hata hivyo, ulinganishi huu una mpaka wake, na mpaka huo ndio chanzo cha kosa. Katika adabu yetu, maneno ya mwaliko ni sehemu ya kuagana. Tunasema karibu tena, tunasema tutaonana, tunasema siku moja upite nyumbani, na hakuna anayetoa kalenda kuandika tarehe. Mhariri wa jarida la hadithi hayuko katika hali hiyo. Mezani kwake kuna miswada mingi kuliko anayoweza kuisoma. Akimwalika mtu alete mwingine, anajiongezea kazi, tena anajua kwamba mwaliko huo utaitikiwa. Kwa hivyo hautoi ovyo. Katika barua hizi, shukrani na kila la heri ndizo ada; mwaliko ndio habari.

3.0 Hesabu ya Meza ya Mhariri

Ili tuelewe kwa nini barua nyingi huwa fupi na zenye kufanana, yafaa tufanye hesabu ndogo. Tuseme jarida fulani linapokea hadithi 600 kwa kila toleo, nalo lina nafasi ya hadithi 6. Takwimu hizi ni za kukadiria tu, ila zinatosha kuonyesha hali ilivyo. Hadithi 594 lazima zikataliwe, ziwe nzuri au mbaya. Kama kila hadithi itasomwa kwa dakika 10, kazi hiyo ni ya saa 100. Iwapo mhariri ataandika maoni ya dakika 15 kwa kila mwandishi aliyekataliwa, atahitaji karibu saa 150 zaidi, yaani atatumia muda mrefu kuandika kuhusu hadithi asizozichapisha kuliko aliotumia kuzisoma zote.

Aidha, majarida mengi ya hadithi huendeshwa na watu wachache, baadhi yao wasiolipwa. Kwa kawaida hadithi huanza kwa wasomaji wa awali, ambao huchuja na kupeleka chache kwa mhariri mkuu. Hadithi inaweza kukataliwa katika hatua ya kwanza, au ikafika mezani pa mwisho na kukosa nafasi kwa sababu tatu nyingine ziliipiku. Barua inayotoka huenda ikawa ileile katika hali zote mbili.

Hali imekuwa ngumu zaidi katika miaka ya karibuni. Mnamo Februari 2023, jarida la Clarkesworld la Marekani, linalochapisha hadithi za kubuni za kisayansi, lilisitisha kwa muda kupokea miswada. Katika siku 20 za kwanza za mwezi huo lilikuwa limetumiwa zaidi ya hadithi 500 zilizotungwa kwa programu za akili bandia. Baadaye lilifungua tena milango yake, lakini tukio hilo linaonyesha wazi kwamba ufupi wa barua hutokana na wingi wa kazi, na wala si dharau kwa mwandishi.

4.0 Aina za Majibu

Majibu anayoweza kupata mwandishi ambaye hadithi yake haikukubaliwa yanaweza kugawika katika makundi matano. Mifano ya barua tunayoitoa hapa tumeibuni wenyewe kwa ajili ya ufafanuzi.

4.1 Barua ya Jumla

Hii ndiyo barua inayotumwa kwa walio wengi. Mfano: "Tunakushukuru kwa kututumia hadithi yako. Tumefurahi kupata nafasi ya kuisoma. Kwa bahati mbaya haitufai kwa wakati huu. Tunakutakia kila la heri katika kuitafutia mahali pengine." Barua hii ina habari moja tu: hadithi hii haitachapishwa katika jarida hili. Furaha iliyotajwa ni ada. Bahati mbaya ni ada. Hata maneno "kwa wakati huu" ni ada. Hayamaanishi kwamba mwandishi airudishe hadithi ileile mwezi ujao.

4.2 Barua ya Mwaliko

Mfano: "Tunakushukuru kwa kututumia hadithi yako. Haitufai, lakini tungependa kusoma hadithi yako nyingine." Majarida kadhaa huwa na barua mbili za jumla zilizoandikwa tayari, moja kwa kila mtu na nyingine kwa wale ambao wasomaji waliona kipaji chao. Msomaji wa Kiswahili huelekea kuiona barua ya 4.1 kuwa ya ukarimu zaidi, kwa kuwa ina furaha na dua, na hii ya pili kuwa kavu. Ukweli ni kinyume. Barua ya pili ndiyo inayofaa kujibiwa, na jibu lake ni hadithi nyingine, iliyo bora, katika muda usio mrefu.

4.3 Barua ya Maelezo

Hapa mhariri ameacha maneno ya kawaida na kutaja jambo mahususi: mhusika fulani, tukio fulani, mwisho ulioharakishwa. Kigezo cha kuitambua ni rahisi. Jiulize: je, sentensi hii ingeweza kuandikiwa hadithi nyingine isiyo yangu? Kama haingeweza, basi mtu ameketi akaifikiria kazi yako. Barua ya namna hii ni adimu, na mwandishi hana budi kuiheshimu hata asipokubaliana nayo.

4.4 Barua ya Marekebisho

Hii si barua ya kukataa hasa, ingawa mwandishi aliyevunjika moyo huisoma hivyo. Mhariri anasema kwamba hadithi haiwezi kuchapishwa ilivyo, kisha anaeleza kinachohitaji kubadilishwa na kuomba aione tena. Ni ahadi ya kuisoma upya, si ahadi ya kuichapisha. Mwandishi ana hiari ya kukubali au kukataa mabadiliko yenyewe, ila asinyamaze.

4.5 Kimya

Baadhi ya majarida hutangaza katika mwongozo wao kwamba muda fulani ukipita bila jibu, mwandishi ahesabu kuwa hakukubaliwa. Mengine hayatangazi chochote. Kimya ndicho jibu gumu zaidi kulifasiri, kwa kuwa mswada unaosubiri, mswada uliopotea na mswada uliokataliwa vyote hunyamaza sauti moja. Muda uliotajwa ukipita, si utovu wa adabu kuandika barua fupi ya kuuliza.

5.0 Kiambishi -tu-

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kifaa ambacho kingepaswa kutusaidia kuzielewa barua hizi kuliko wengine. Tulinganishe kauli mbili: "hadithi haifai" na "hadithi haitufai". Kimofolojia, tofauti ni kiambishi kimoja tu:

ha-i-fa-i
ha-i-tu-fa-i

Katika kauli ya kwanza hakuna mtendwa aliyetajwa. Hukumu ni juu ya hadithi yenyewe, mahali popote na mbele ya yeyote. Katika kauli ya pili, kiambishi cha mtendwa -tu- kinaifunga hukumu ndani ya mipaka ya wasemaji: sisi, jarida hili, wasomaji hawa, toleo hili. Wahariri karibu wote huandika kauli ya pili. Waandishi karibu wote husikia ya kwanza. Kiambishi kinamezwa njiani, na mswada mzima unamezwa pamoja nacho.

Kwa nini tunakimeza? Grice (1975) anaeleza kwamba wazungumzaji hutarajia kila mmoja atoe habari ya kutosha. Anayetoa habari pungufu huonekana kuwa anaficha jambo, nasi hulijaza pengo kwa kudokeza. Rafiki akiulizwa kuhusu mpishi mpya akajibu kwamba sahani zilikuwa safi, tunaelewa kwamba chakula kilikuwa kibaya. Mwandishi anapoambiwa tu kwamba hadithi haikuwafaa, hulijaza pengo kwa njia hiyohiyo: wameficha kwamba ni mbovu. Hata hivyo, udokezi wa aina hii hutokea pale tu ambapo msemaji alitarajiwa kusema zaidi. Katika utanzu huu hatarajiwi. Kama tulivyoona katika sehemu ya 3.0, ufupi ni kanuni ya meza ya mhariri kwa miswada yote. Pengo lipo, lakini halikuwekwa kwa ajili yako, wala halina ujumbe ndani yake.

Kadhalika tuzingatie wakati na hali. "Haikutufaa" inazungumzia usomaji uliokwisha. "Haijatufaa", kwa kiambishi -ja-, inaacha mlango wazi, kwamba huenda ikafaa baada ya kufanyiwa kazi. Lugha yetu ina uwezo wa kuonyesha kwa silabi moja tofauti ambayo lugha nyingine huihitajia sentensi nzima. Tutalirudia jambo hili tutakapowageukia wahariri wetu.

6.0 Mifano kutoka Historia ya Fasihi

Mifano mitatu itatosha kuonyesha jinsi barua hizi zinavyofanya kazi katika maisha halisi ya waandishi.

Mfano wa kwanza ni wa Stephen King wa Marekani. Katika kitabu chake kuhusu uandishi, kilichochapishwa mwaka 2000, anasimulia kwamba alipokuwa kijana alizitundika barua za kukataliwa kwenye msumari ukutani, na alipofikia umri wa miaka 14 msumari ule haukuweza tena kuubeba uzito wake, akapigilia mkubwa zaidi. Barua moja ilimfundisha tu kwamba kurasa za mswada zisipigwe pini za stepla. Alipokuwa na miaka 16, hadithi yake moja ilikataliwa na jarida la Fantasy and Science Fiction, lakini safari hii mkononi mwa mtu kulikuwa kumeongezwa maneno machache ya kumsifu na kumtaka atume tena. Zaidi ya miaka kumi baadaye, akiwa tayari ni mwandishi wa riwaya, aliikuta hadithi ileile ndani ya sanduku, akaiandika upya na kuituma kwa jarida lilelile. Ilichapishwa mwaka 1978. King aliusoma mwaliko kama mwaliko. Mwandishi wa makala hii aliusoma kama buriani.

Mfano wa pili ni wa Kurt Vonnegut. Vonnegut alikuwa mfungwa wa kivita mjini Dresden, Ujerumani, mji huo uliposhambuliwa kwa mabomu mnamo Februari 1945. Mwaka 1949 alilitumia jarida la The Atlantic Monthly maandishi matatu, mojawapo likiwa ni maelezo ya shambulio hilo. Mhariri alimjibu kwamba maelezo hayo yalisifiwa na waliosoma, lakini hayakuwa na mvuto wa kutosha kukubaliwa. Hiyo ni barua ya maelezo: inataja kazi yenyewe, na inakiri nguvu yake. Vonnegut hakuiacha mada hiyo. Riwaya yake kuhusu Dresden, Slaughterhouse-Five, ilichapishwa mwaka 1969, miaka 20 baada ya barua ile, nayo ndiyo iliyompa umaarufu mkubwa zaidi. Hatuwezi kusema kwamba mhariri alikosea. Yamkini maelezo ya 1949 hayakuwa yamekomaa. Tunachoweza kusema ni kwamba mada haikukataliwa. Kilichokataliwa ni andiko moja, siku moja.

Mfano wa tatu unahusu kitabu wala si jarida, ila unatugusa kwa karibu. Wengi wetu tumeisoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Mwaka 1944, mswada wa George Orwell ulikataliwa na wachapishaji kadhaa wa Uingereza. Mmoja wao alikuwa kampuni ya Faber and Faber, ambako mshairi T. S. Eliot alikuwa mkurugenzi. Katika barua yake Eliot aliusifu uandishi wenyewe, kisha akaeleza kwamba hawakuwa na hakika kuwa huo ulikuwa mtazamo ufaao wa kuihakiki hali ya kisiasa wakati ule. Ikumbukwe kwamba Muungano wa Kisovieti, uliokejeliwa katika kitabu hicho, wakati huo ulikuwa mshirika wa Uingereza vitani. Kitabu kilichapishwa mwaka 1945, vita vilipokwisha Ulaya, na mchapishaji mwingine. Hapa maneno "kwa wakati huu" yalikuwa na maana yake kamili. Sifa zilikuwa za kweli, na kukataa kulikuwa kwa kweli pia.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Mifano ya namna hii hupendwa kwa sababu inatufariji, na faraja inaweza kutupotosha. Haifuati kwamba kila aliyekataliwa ni Orwell. Miswada mingi hukataliwa kwa sababu bado ni michanga, nasi tunapaswa kukiri kwamba baadhi yake ni yetu. Hoja yetu ni nyembamba zaidi: kutokana na barua ya jumla pekee, mwandishi hawezi kujua yumo kundi gani. Anayekata tamaa kwa barua hiyo na anayejiona shujaa aliyedhulumiwa wote wamesoma kisichoandikwa.

7.0 Mapendekezo kwa Mwandishi Chipukizi

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, isome barua kwa kalamu. Pigia mstari kila sentensi ambayo ingeweza kuandikiwa mtu yeyote, kisha uiweke kando. Zinazobaki, kama zipo, ndizo barua yako halisi.

Pili, tunza daftari. Andika jina la hadithi, jarida, tarehe ya kutuma, tarehe ya jibu na aina ya jibu. Barua moja ya jumla haina la kukufundisha. Lakini hadithi moja ikipata barua za jumla kutoka kwa majarida kumi, huku nyingine ikipata mialiko miwili kati ya mitatu, daftari litakuwa limeanza kuzungumza.

Tatu, usijibizane na mhariri. Barua ya kujitetea haijawahi kuibadilisha hadithi. Kwa barua ya maelezo, shukrani ya sentensi moja yatosha.

Nne, wahariri wawili wasiojuana wakitaja udhaifu uleule, rudi kwenye mswada. Akiutaja mmoja tu, tafakari. Huenda ni suala la ladha.

Tano, soma mwongozo wa jarida kabla ya kutuma. Kuna majarida yanayoruhusu hadithi moja itumwe kwengine pia kwa wakati uleule, na kuna yasiyoruhusu. Kuna yenye miezi maalumu ya kupokea. Hadithi iliyotumwa kinyume cha mwongozo hukataliwa kabla ya sentensi ya kwanza kusomwa, na barua yake hufanana na ile ya hadithi iliyosomwa hadi mwisho.

Sita, na hili ndilo nililojifunza kwa gharama: ukialikwa, nenda.

8.0 Neno kwa Wahariri wa Majarida Yetu

Mwandishi wa Kiswahili ana tatizo la ziada. Hadithi fupi ya Kiswahili nchini Kenya huwafikia wasomaji hasa kupitia diwani zinazolengwa shuleni, na majarida yanayopokea hadithi za Kiswahili mwaka mzima ni machache. Nafasi nyingine zipo: Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo huzipokea hadithi za Kiswahili pia. Hata hivyo shindano halimjibu mwandishi mmoja mmoja. Hutangaza washindi, na waliosalia hujijua kwa kutojiona. Hivyo mwandishi wetu hujifunza kazi yake katika kimya, au hujifunza kwa kusoma barua za watu wa ng'ambo, kwa lugha ambayo hadithi yake haikutungwa.

Majarida ya wanafunzi kama hili yanaweza kulipunguza pengo hilo. Hatudai kwamba kila mswada uandikiwe maoni. Hesabu ya sehemu ya 3.0 inatuhusu sisi pia, tena tuna mitihani. Tunapendekeza jambo dogo zaidi: barua tatu zilizoandikwa tayari kwa Kiswahili fasaha, zikitofautiana waziwazi. Ya kwanza iseme "haitufai", bila mwaliko wowote. Ya pili, kwa kuwa "karibu tena" katika lugha yetu ni kuagana tu, iseme kwa maneno yasiyo na utata: "Tunakuomba ututumie hadithi nyingine kabla ya toleo lijalo." Ya tatu itumie kiambishi -ja-: "Hadithi haijakamilika katika sehemu ifuatayo, irekebishe, uturudishie." Silabi chache zitamwambia mwandishi asimame wapi.

9.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba barua ya kukataliwa ni matini kama matini nyingine, yenye kaida, hadhira na mipaka. Anayeisoma bila kuzijua kaida hizo huweza kuupoteza mlango uliofunguliwa, au kugonga mwaka mzima mlango usiofunguliwa. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kuchambua shairi silabi kwa silabi hana sababu ya kuisoma barua yake mwenyewe kwa papara.

Ile hadithi ya makanga bado ninayo. Nimeiandika upya mara mbili, safari hii kwa Kiswahili pekee, na imekataliwa mara moja zaidi. Barua iliyokuja nayo ilikuwa ya jumla. Nimeiandika katika daftari, na hadithi imekwisha kutumwa kwengine.